Izakaya ni grosari, mama

Mama yangu ni mlokole. Naanza na hilo kabisa ili muelewe kwa nini karibu mwaka mzima nilikua namwambia nafanya kazi "mgahawani kwa Wajapani", afu washkaji wa Temeke nawaambia nipo "baa moja kali ya kokteli katikati ya mji", na kote kuwili sikudanganya ila kote kuwili haikua ukweli wenyewe. Shida ni neno la Kijapani la sehemu yenyewe. Izakaya. Ukisema ni baa, mtu akiingia anakuta watu wanakula kuku, tofu, viazi, wali, kama hawajaona chakula tangu Jumatatu. Ukisema ni mgahawa, mbona hamna meza isiyo na glasi, na mbona chakula kinakuja vijisahani vijisahani, kimoja sa hivi kingine baada ya nusu saa, hakuna anayeshiba haraka maana hakuna aliyekuja kushiba.

Nimekaa na hilo neno kwenye karo la kuoshea vyombo miezi kumi na moja.

Mi nipo Melbourne, Australia, nasoma masters, na visa ya mwanafunzi inaruhusu masaa 48 ya kazi kwa kila wiki mbili muhula ukiwa unaendelea, kwa hiyo hesabu ya maisha yangu yote inaanzia kwenye hiyo 48. Kazi ya kwanza ilikua kafe moja walinilipa keshi chini ya kiwango, tuachane nayo. Ya pili ndo hii. Jina silitaji maana bado naenda pale kila wiki na napenda kuendelea kwenda.

Siku ya kwanza meneja alinitumia meseji, shuka tramu Swanston Street, tembea kidogo, ingia kwenye kinjia, pita mapipa ya taka, ukiona taa nyekundu umefika. Nilisoma mara tatu. Ilikua mwezi wa saba, ndo kipupwe chao, kabla hata ya saa kumi na mbili jioni giza limeshaingia, mvua ile ya kunyunyiza isiyoisha, na mbele yangu uchochoro. Jamani, uchochoro kwetu una maana moja tu. Tulilelewa tukiambiwa zunguka barabarani hata kama ni mbali, uchochoroni utatoka bila simu na bila viatu. Na hapa naambiwa nipite mapipa ya taka, nikifuata taa nyekundu. Nikasimama dakika kama tano najifanya naangalia simu. Wakapita wadada watatu wamevaa viatu virefu, wanacheka, wakaingia humo humo kama wanaingia sebuleni kwao. Nikasema basi, kama hao hawaogopi.

Taa yenyewe ni ya karatasi, nyekundu, imening'inia mlangoni. Wajapani wanaiita akachochin, na kwao ukiiona tu unajua hapa wanauza pombe na vitu vya kuchoma na bei si ya kutisha. Chini yake kuna pazia fupi linaishia usawa wa kifua, noren. Pazia likiwa nje pamefunguliwa, likiingizwa ndani pamefungwa. Kulitoa na kuliingiza ikaja kua kazi yangu na niliipenda kuliko zote, maana ni sekunde ishirini za kusimama nje bila sahani mkononi.

Habari ya vichochoro vya huu mji nilipewa na mzee mmoja wa Kizungu, fundi umeme mstaafu, anakaaga kiti cha mwisho cha kaunta kila Alhamisi. Anasema mji ulipimwa 1837 na jamaa anaitwa Robert Hoddle, barabara kubwa akazipa upana wa futi 99, kama mita 30, afu kati yake zikapita ndogo za mita 10 za kuingilia nyuma ya viwanja. Wenye viwanja wakaanza kukatakata, kila mtu anapitisha njia yake, ya mizigo, ya mikokoteni, ya taka, na kabla mji haujapata mabomba ya majitaka mwishoni mwa miaka ya 1890 njia za namna hiyo ndo walipita watu wa kubeba ndoo za choo usiku. Leo watu wanapanga foleni humo humo kulipia kinywaji dola 22. Mzee anacheka mpaka anakohoa akifika hapo.

Na baa zenyewe uchochoroni hazikuwepo zamani, kilichokua kinazuia ni sheria. Mwaka 1916, wakati wa vita, waliweka baa zifungwe saa kumi na mbili jioni, na huku jimbo la Victoria ikakaa hivyo mpaka 1966. Miaka 50 aisee. Watu wanatoka kazini saa kumi na moja, wana saa moja tu, wanakunywa kama sisi tunavyojaza ndoo siku maji yakitoka. Na hata baada ya hapo leseni ilikua ya hoteli kubwa au mgahawa wa chakula kamili, kibaa cha watu arobaini kilikua hakina pa kujishika. Sheria mpya ya 1987 ndo ikalegeza, na 1994 ikafunguliwa baa ndogo kwenye kichochoro cha Meyers Place, wengi hapa wanaihesabu ndo ya kwanza ya aina yake. Kule nyuma kodi ilikua rahisi. Wakafuatana.

Sasa ndani.

Mpishi mkuu ni mzee wa miaka sitini na kitu, mfupi, kitambaa kichwani, tunamuita Taisho. Siyo jina, ni kama kusema jenerali, ndo wanavyomuita mwenye jiko kwenye sehemu kama hizi. Kiingereza chake kibovu na changu kikichoka kinakua kibovu pia, kwa hiyo tunaelewana vizuri sana. Yeye anasimamia mkaa. Na mkaa wake siyo huu wa gunia, unaitwa binchotan, unachomwa kwa mti wa jamii ya mwaloni, unaosifika ni wa mkoa wa Wakayama kule Japani. Mgumu mpaka ukigonga kipande kwa kipande unalia kama chuma. Kuuwasha ni kesi, ila ukishika hautoi moshi wala miali, joto tu, tena la masaa. Mimi niliyekulia kwenye kuwashia jiko mfuko wa nailoni nikauangalia huo mkaa kwa heshima. Kitu kimoja tu hakikubadilika, Taisho anaupepea na pepeo, kale kale, mkono ule ule wa mama muuza mihogo pale kwetu.

Wiki ya kwanza sikuangalia anachochoma, nilikua naona sahani tu. Wiki ya pili nikaletewa trei ya vijiti vitupu nikaona kwenye kimoja kimebaki kipande. Nikakiangalia. Nikakinusa. Firigisi!

Nyie mnajua firigisi ni kitu gani nyumbani. Kuku mmoja, firigisi moja, baba mmoja. Sisi watoto sita tulikua tunaiona tu inapita. Mzee alipofariki siku ya arobaini shangazi aliiweka kwenye sahani ya kaka mkubwa na kaka akaanza kulia mezani, ndo ujue uzito wake. Huku Mjapani amezitunga nne nne kwenye kijiti, katia chumvi, kachoma, na kabinti ka miaka ishirini na mbili kanaagiza vijiti vitano, kanaacha kipande. Wao wanaita sunagimo, maana yake kama ini la mchanga. Na si firigisi peke yake, kuna mioyo, maini, ngozi iliyochomwa ikakakamaa, na kile kimkia cha mafuta ambacho kwetu watu wanagombania bila kusema. Yaani kuku hatupwi kitu. Unachagua chumvi au tare, ile sosi nyeusi tamu ya soya na sake, pombe yao ya mchele, na sukari ambayo Taisho haimalizi, kila siku anaongezea juu ya ya jana, sufuria haijawahi kuwa tupu tangu nimefika.

Nikaanza kumheshimu tofauti kuanzia hapo.

Upande wa pili wa kaunta ndo kuna baa, na hapo bosi ni dada mmoja Mkorea ambaye sijawahi kumwona ana haraka. Barafu yake inakuja pande zima, safi kama kioo, hamna ukungu katikati, maana imegandishwa taratibu kutoka upande mmoja hewa ikasukumwa nje. Analikata kwa msumeno, afu anakaa na kisu analichonga mpaka linakua tufe, linakaa peke yake kwenye glasi ya wiski, haliyeyuki haraka kwa vile tufe lina uso mdogo kuliko vipande vipande. Kuna siku niliuliza si bora utumie mashine, akaniangalia kama nimemwambia anunue ugali uliopikwa.

Kinachotoka zaidi ni haiboli. Wiski kidogo, soda ya maji mara tatu au nne yake, barafu mpaka juu, ganda la limao, koroga mara moja basi, ukikoroga sana gesi inakufa. Wateja wapya wanalalamika haina kitu. Ndo lengo bwana, ni ya kunywea na chakula masaa matatu, si ya kuangusha mtu. Wajapani walikua wameisahau wenyewe, mwishoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya pombe ya Suntory wakaipigia debe upya na wiski yao ya Kakubin, ambayo ipo tangu 1937, na sa hivi kila kona ipo. Kuna shochu pia, pombe ya kukeneka, nyingine ya shayiri, nyingine ya viazi vitamu, hasa ya Kagoshima, kusini mwa Japani. Ya viazi nilinusa nikakumbuka vitu ambavyo si vya kuandika hapa, ila tuseme kuna watu Uswahilini wangeitambua wamefumba macho. Tofauti ni kwamba huku ina lebo na inalipiwa kodi. Zile kokteli za yuzu ni nzuri kweli, lile limao lao lina harufu yake peke yake. Ile ya kahawa na matcha, unga wa chai ya kijani, ni ya kupigia picha tu, samahani kwa wanaoipenda.

Kingine kinacholeta kelele ni otoshi. Ukikaa tu, kabla hujaagiza, unaletewa kibakuli, labda kiazi kilichopondwa, labda mboga ya kachumbari, na kule Japani kinaingia kwenye bili, yen 300 mpaka 500 hivi, uwe umekiomba au hujakiomba. Ni kama hela ya kiti. Huku ukifanya hivyo mtu anaita polisi. Taisho anakitoa bure kwa waliokaa kaunta, na bado wapo wanaokirudisha wakisema hatukuagiza hiki. Kinarudi kwangu. Nakula. Nimekula otoshi nyingi kuliko mteja yeyote.

Halafu habari ya kumiminiana. Hawajimiminii. Unammiminia mwenzio, yeye anakumiminia wewe, glasi yako ikikaa tupu ni aibu ya jirani yako. Nikafikiria kwetu mhudumu anavyofungua chupa mbele ya macho yako, maana ikija imefunguliwa hunywi hata iwe ya bure. Wao wanaangaliana glasi, sisi tunaangaliana kizibo. Na neno la kwanza mtu akikaa ni "toriaezu biiru", yaani kwanza bia, mengine tutaongea. Hilo halikuhitaji tafsiri. Kwetu mtu anakaa anasema leta mbili kwanza, anaulizwa za moto au za baridi.

Ila bado sikua na neno la izakaya. Nilikuja kulipata usiku mmoja wa Jumanne, wateja wawili tu, mvua, Taisho kakaa kwenye kreti la bia mlango wa nyuma anavuta sigara, mimi nimekaa kwenye jingine. Nikamuuliza hivi hili neno maana yake nini hasa. Akaligawanya kwa vidole. Sakaya, duka la pombe. I, kukaa. Zamani, enzi za Edo, miaka ya 1600 mpaka 1800 na kitu, ulikua unaenda na chombo chako unapimiwa sake unarudi nayo nyumbani. Afu wakatokea wasioweza kusubiri kufika nyumbani, wakawa wananywea pale pale dukani, mwenye duka akaona basi ngoja niwachomee na kitu cha kutafuna. Duka la pombe la kukaa. Ndo hiyo.

Akaendelea, kwao Kitakyushu, mji wa viwanda vya chuma, mpaka leo kuna maduka hayajawa hata izakaya, yanaitwa kakuuchi. Unanunua bia kwenye rafu ile, unafungua unasimama pale, na samaki wa kopo na karanga. Wafanyakazi wa kiwandani walikua wakitoka shifti ya usiku wanapita hapo asubuhi, jua linawaka, wao ndo jioni yao. Na meza, akapiga lile kreti alilokalia, meza ni haya.

Nikanyamaza. Maana hapo hapo nilikua naona grosari ya Mangi, pale kona, sukari, sabuni, mkate, maziwa ya mgando, mafuta ya kupima, na pembeni friji na makreti yamegeuzwa, na wazee wanne watano wamekaa kila mtu na chupa yake chini ya kiti. Mtu asiye wa Tanzania ukimwambia grosari anadhani unaongelea kununua nyanya. Sisi tunajua. Baba alikua anakaa pale kila Jumamosi kuanzia saa kumi, na mimi ndo nilikua natumwa kumuita, na kila nikifika ananiambia nenda nakuja, ananinunulia soda, nakaa kwenye kreti nakunywa taratibu ili tusirudi haraka. Baadae Mangi akaweka jiko la mkaa nje, mishikaki, ndizi za kuchoma, na hakuna aliyebadilisha jina pakaitwa mgahawa. Hakuna aliyepaita baa pia, baa ni ile ya barabarani yenye muziki.

Nilijaribu kumuelezea Taisho, makreti, Mangi, mzee wangu, kwa kile Kiingereza chetu. Akawa anatikisa kichwa, hai, hai, yaani ndiyo, ndiyo. Mwisho akauliza swali moja tu, wanachoma nini. Nikamwambia ng'ombe. Akasema mm, ila naona hakukubali.

Basi Jumapili iliyopita mama kapiga vidio wakati tunaandaa, sikua na jinsi, nikapokea nikiwa jikoni. Taisho alikua anatunga firigisi, amezipanga kwenye trei kama vijiti arobaini. Nikaona potelea mbali. Nikamwambia mama, hapa ninapofanya kazi si mgahawa hasa. Akasema najua si mgahawa, mgahawa gani unatoka kazini saa nane usiku. Nikamwambia ni kama kwa Mangi. Yaani grosari, ila ya Wajapani.

Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Kwa hiyo umepanda ndege mbili," akasema, "ukaenda kukaa pale pale alipokua anakaa baba yako."

"Sikai mama, naosha vyombo."

"Mm." Akasogeza simu karibu na jicho kama anavyofanya siku zote, tunabaki tunaona kope moja. "Na hizo ni nini anazochoma huyo baba?"

Nikamgeuzia kamera. Taisho akafuta mikono kwenye aproni akainama vizuri kabisa, mama naye nikaona kope inashuka inapanda. Nikamwambia ni firigisi mama, nne nne kila kijiti, vijiti arobaini. Akapiga hesabu, mama ni mtu wa vikoba, hesabu hazimpi shida.

"Kuku mia na sitini." Akatulia. "Na baba wa hizo nyumba zote mia na sitini, leo wanakula nini?"

Nikamtafsiria Taisho. Hakucheka, aliliwaza kabisa, kijiti kimoja mkononi. Afu akajibu neno moja.

"Biiru."

Nikafungua mdomo nimtafsirie mama kwamba anasema soda.

"Usijisumbue," akasema mama, "nimemsikia."